Ufadhili wa Masomo katika Vyuo vya Sanaa Huria vya Marekani: Mwongozo kwa Kijana na Mzazi Wake

Vijana wetu wengi wamalizao sekondari kwa alama njema hudhani kwamba kusoma Marekani ni jambo la watoto wa matajiri, na wale wachache wajuao kuwa ufadhili upo huuhesabu kuwa ni bahati iangukiayo mtoto mmoja katika mkoa mzima. Dhana zote mbili zimewakosesha wengi haki yao. Katika vyuo vidogo vya Marekani vifundishavyo sanaa huria, fungu kubwa la ufadhili halitolewi kama zawadi ya mshindi, bali hupatikana kwa hesabu: chuo huandika gharama ya mwaka mzima, huondoa humo kile ambacho wazazi wako waweza kulipa, na kinachobaki, ikiwa chuo kimejifunga kwa ahadi hiyo, hukibeba chenyewe. Kupokewa ni kugumu, nami sitakuficha hilo. Lakini kijana aliyefaulu vizuri na aliyekosa mali asijiondoe mwenyewe katika safu kabla hajaondolewa.

Kwa ajili hiyo kazi zako kuu ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua chuo ambacho kweli hubeba kinachobaki. Ya pili ni kuithibitisha hali ya nyumbani kwenu kwa hati zilizo safi.

Vyuo hivi ni vya namna gani, na fedha huzitoa wapi

Chuo cha sanaa huria ni chuo cha shahada ya kwanza, aghalabu chenye wanafunzi wapatao elfu mbili, ambamo kijana husoma fizikia pamoja na falsafa, au uchumi pamoja na muziki, na fani yake kuu huichagua karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Profesa mwenyewe ndiye afundishaye, si msaidizi wake, na darasa la watu kumi na watano ni jambo la kawaida. Amherst cha Massachusetts, kilichoanza mwaka 1821, Bowdoin cha Maine, kilichoanza mwaka 1794, Swarthmore, Grinnell, Macalester, Smith na Mount Holyoke ni baadhi yake.

Fedha zao hutoka katika wakfu. Waliosoma hapo zamani na kufanikiwa huacha mali, mali hiyo huwekezwa, na sehemu ya faida yake hutumika kila mwaka kulipia wasio nacho. Ndiyo maana chuo kidogo kisichojulikana Mombasa wala Mwanza chaweza kumlipia mwanafunzi mmoja zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, hali chuo kikuu cha serikali, chenye jina kubwa na wanafunzi elfu arobaini, mara nyingi hakina cha kumpa mgeni.

Wala njia hii si ngeni kwetu. Katika safari za wanafunzi kwenda Marekani zilizosimamiwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya kuanzia mwaka 1959, wengi walipelekwa katika vyuo vidogo kama hivi. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 akaenda Mount St. Scholastica, chuo cha watawa katika mji mdogo wa Atchison, Kansas, akapata shahada yake ya biolojia mwaka 1964.

Pima chuo kwa mfuko wake kabla ya kukipima kwa jina

Hapa ndipo wengi wapoteapo, kwani huchagua kwa sifa walizozisikia, kisha huuliza habari ya fedha mwishoni. Geuza utaratibu huo. Kwa mwombaji atokaye ng'ambo, vyuo hivi vyagawika mafungu manne:

1. Visivyotazama mfuko. Hukupokea au kukukataa bila kuangalia kama waweza kulipa, na ukipokewa hubeba upungufu wako wote. Ni vichache mno. Amherst kimekuwa hivyo kwa wanafunzi wa kigeni tangu mwaka 2008, na Bowdoin kikafuata mwaka 2022. Kwa kuwa dunia nzima huviomba, ushindani wake ni mkali kupita kiasi.

2. Vitazamavyo mfuko, lakini hubeba upungufu wote wa yule vimpokeaye. Hapa ndipo penye vyuo vingi vizuri: Grinnell, Macalester, Swarthmore, Mount Holyoke, Smith. Wakati wa kukufikiria hutazama pia utawagharimu kiasi gani, kwa hiyo mhitaji mkubwa sharti awe na nguvu zaidi katika masomo yake. Lakini wakishakupokea hawakuachi njiani.

3. Vitoavyo fungu maalumu kwa sifa. Ni vyuo vyenye mali kiasi, ambavyo hutoa punguzo la dola 20,000 au 30,000 kwa alama nzuri. Punguzo hilo huonekana kubwa katika barua, lakini kwa mtoto wa mkulima halitoshi, kwa sababu kinachobaki hakuna wa kukilipa.

4. Berea. Nakitenga peke yake kwa kuwa mfano wake ni adimu. Chuo hiki cha Kentucky, kilichoasisiwa mwaka 1855 na mhubiri John Fee aliyepinga utumwa, hakijatoza ada ya masomo tangu mwaka 1892. Kila mwanafunzi, awe nani, hufanya kazi chuoni si chini ya saa kumi kwa wiki, na wageni wachache kiwapokeao kila mwaka hugharamiwa mwaka wa kwanza kwa ukamilifu. Kwa kijana asiye na kitu na asiyeona haya kufagia jengo au kufanya kazi ya karakana, sijui mahali bora zaidi.

Ukisha kuandaa orodha yako, andikia kila chuo barua pepe fupi yenye maswali haya, na usikubali jibu la kuzungukazunguka:

> MASWALI YA KUULIZA CHUO
> - Je, mnabeba upungufu wote wa mwanafunzi wa kigeni mliyempokea, kwa miaka yote minne?
> - Katika ufadhili huo mna mkopo ndani yake? (Chuo cha Williams kilifuta mikopo katika ufadhili wake mwaka 2022, vingine bado vinayo.)
> - Je, nauli, bima ya afya na vitabu vimo katika hesabu?
> - Asiyeomba ufadhili mwanzoni, aruhusiwa kuuomba baadaye?

Swali la mwisho lina uzito wake. Katika vyuo vingi mgeni asiyeomba ufadhili pamoja na maombi ya kuingia huwa amefungiwa mlango huo kwa miaka yote minne. Kuna watu wamshaurio kijana afiche uhitaji wake ili apokewe kwanza. Ushauri huo ni mbaya, usiufuate.

Kalenda ya mwaka mmoja

Masomo huanza mwishoni mwa Agosti, na safari yake huanza mwaka mzima kabla. Kwa Mtanzania, matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Namshauri basi asihangaike kuomba akiwa katikati ya mtihani, bali asubiri matokeo na aombe kuanzia Agosti ile ile kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mkenya afanyaye mtihani wa KCSE Novemba naye hulazimika kungoja hivyo hivyo.

1. Agosti na Septemba. Fungua maombi ya pamoja yaitwayo Common Application, ambayo hayatozi ada na huruhusu vyuo hadi 20. Ada hutozwa na chuo kimoja kimoja, na vingi humsamehe asiyeweza. Omba msamaha huo bila haya.
2. Septemba na Oktoba. Wafuate walimu wako wawili na mkuu wa shule kwa ajili ya barua. Kusanya hati za mapato.
3. Novemba 1 au 15. Hizi ni tarehe za maombi ya mapema yenye ahadi ya kufunga: ukipokewa, utakwenda huko na utaondoa maombi mengine, isipokuwa ufadhili ukiwa haukutoshi. Ahadi hiyo hutolewa kwa chuo kimoja tu. Mhitaji asiitoe ila kwa chuo cha fungu la kwanza au la pili.
4. Januari 1 hadi 15. Maombi ya kawaida kwa vyuo vingi.
5. Februari. Hati za fedha ziwe zimefika zote.
6. Mwishoni mwa Machi. Majibu hutoka.
7. Mei 1. Siku ya mwisho ya kukubali.

Kuhusu mitihani: vyuo vingi vya namna hii havilazimishi tena mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo vya Marekani, ingawa aliye na alama ya juu afadhali aipeleke. Mtihani wa Kiingereza wasamehewa mara nyingi kwa aliyesoma sekondari kwa lugha hiyo. Uliza kabla hujalipa.

Kuithibitisha hali ya nyumbani

Hii ndiyo sehemu iliyo ngumu kwetu, nayo yastahili jioni kadhaa za mzazi na mwanawe wakiwa wameketi pamoja. Chuo hutumia ama fomu iitwayo CSS Profile, ambayo hutoza ada ila baadhi ya vyuo hutoa msimbo wa msamaha, ama fomu yake chenyewe isiyo na malipo. Fomu zote mbili zimetungwa kwa watu wa mishahara, na zauliza hati ya mwajiri na hati ya kodi. Baba aendaye baharini na mama auzaye maandazi hawana hati hizo, na hapo ndipo kijana hukata tamaa akaandika sifuri katika kila nafasi.

Sifuri ni kosa kubwa kuliko yote. Asomaye fomu ile yuko ofisini umbali wa maili elfu nane, naye ajua kuwa hakuna nyumba iishiyo kwa sifuri. Hivyo aonapo sifuri hufikiri kuwa umeficha au hukujali. Wala hataki hati za fahari. Ataka hesabu inayoeleweka.

Chukua mfano wa mvuvi wa Pangani. Mwulize baba, kwa adabu na kwa faragha, kwani kumwuliza mzee mapato yake si jambo dogo kwetu, apata nini wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, na apata nini kusi ikivuma na vyombo vikiwa vimepandishwa pwani. Tuseme apata shilingi 500,000 kwa mwezi katika miezi mitano mizuri, na 150,000 katika miezi saba mibaya: hiyo ni 2,500,000 na 1,050,000. Mama apata faida ya 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 4,990,000, ambayo kwa kima cha shilingi 2,600 kwa dola ni takriban dola 1,900. Andika hivyo hivyo, mwezi kwa mwezi, katika ukurasa mmoja, ueleze kwa nini miezi hailingani, kisha uambatishe:

- barua ya afisa mtendaji wa mtaa au kijiji, au chifu kwa walio Kenya, ithibitishayo kazi ya wazazi na idadi ya wategemezi;
- taarifa ya miezi kumi na miwili ya akaunti ya fedha ya simu, au ya SACCOS, au ya benki kama ipo;
- maelezo ya mali: nyumba, shamba, chombo, mifugo, kwa thamani ya kweli ya pale kijijini;
- stakabadhi za ada za ndugu zako walio shuleni;
- tafsiri ya Kiingereza ya kila hati iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Patakuwa na swali la kiasi ambacho jamaa waweza kuchangia kila mwaka. Taja kiasi halisi, japo kidogo. Wazazi waweza kutoa angalau kile ambacho wangekitumia kwa chakula na nauli yako ukiwa nyumbani, na mjomba aliye Muscat au shangazi aliye Nairobi akiahidi kitu, aiandike ahadi yake na kuitia saini. Lakini asiahidi mtu asichoweza kukitimiza miaka minne, kwa maana chuo kitakiondoa kiasi hicho katika ufadhili wako kila mwaka.

Barua ya mwalimu, na insha

Mwalimu wetu aandikapo kuwa mwanafunzi "ana nidhamu, ana bidii, na hana rekodi mbaya," amesema kweli, lakini kweli hiyo yawafaa wanafunzi mia nne wa shule moja. Msomaji wa Marekani atafuta tukio. Barua isemayo kwamba kijana huyu, darasa lilipokosa kemikali, alitafuta rangi ya mawaridi na ndimu akawaonyesha wenzake wa kidato cha pili tofauti ya asidi na besi, ina thamani kuliko kurasa mbili za sifa. Mpelekee mwalimu wako karatasi yenye mambo matatu au manne aliyoyaona mwenyewe, umkumbushe kwa heshima, kisha umwachie aandike anavyoona.

Insha haizidi maneno 650. Iandike mwenyewe, juu ya jambo unalolijua kwa macho yako, na usiijaze umaskini kwa kudhani kuwa ndio unaonunua ufadhili. Fedha zimekwisha kuelezwa katika fomu. Usimlipe mtu akuandikie.

Kuisoma barua ya ufadhili

Barua njema ikifika, furaha yaweza kukufunga macho. Kaa uikokotoe. Tuseme gharama yote ya mwaka ni dola 88,000, na chuo kimeandika kwa herufi nene kuwa kimekupa dola 78,000. Upungufu ni 10,000. Wazazi watatoa 400. Kazi ya chuoni yaweza kukupa 2,600. Bado 7,000 kwa mwaka, yaani 28,000 kwa miaka minne, bila kuhesabu kwamba ada hupanda kila mwaka. Kwa ile nyumba ya Pangani, hilo ni pato la miaka ipatayo kumi na mitano. Ufadhili wa namna hiyo, pamoja na ukubwa wake wote, waweza kumrudisha mtoto nyumbani mwaka wa pili akiwa hana shahada. Iandikie ofisi ya ufadhili, uwaonyeshe hesabu, uombe waitazame upya. Wakati mwingine huongeza. Wasipoongeza, kataa.

Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi mapema ni kodi. Kwa mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, sehemu ya ufadhili ilipayo ada ya masomo na vitabu vya lazima haikatwi kodi, lakini sehemu ilipayo chumba na chakula kwa kawaida hukatwa asilimia 14. Uliza chuo kama kinaibeba kodi hiyo au utaibeba wewe. Kazi nayo ina mpaka: muhula ukiwa unaendelea, usizidi saa 20 kwa wiki, tena iwe ndani ya chuo.

> TAHADHARI
> - Hakuna ufadhili wa kweli unaodai ulipe kwanza ili uupate. Akutakaye "ada ya kushughulikia ufadhili" ni mwizi.
> - Wakala aahidiye kupokewa hana uwezo huo. Ofisi za EducationUSA, zilizo chini ya serikali ya Marekani, hushauri bure.
> - Usighushi hati hata moja. Chuo kikigundua, hukufukuza hata ukiwa mwaka wa nne.
> - Usitumie barua pepe ya rafiki au ya mwenye duka la intaneti. Fungua yako, na nenosiri liwe lako.

Viza

Chuo kikisha kuthibitisha malipo yako hukutumia hati iitwayo I-20. Kwa hati hiyo utalipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, na ada ya maombi ya viza, dola 185, kisha utakwenda kuhojiwa ubalozini. Uliza chuo kama chaweza kukulipia ada hizo, vingine hukubali.

Walakini viza iko mikononi mwa serikali ya Marekani, na chuo hakina amri juu yake. Mwezi Juni 2025 Marekani ilizuia viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na Desemba mwaka ule ule amri nyingine ikaitaja Tanzania, kuanzia Januari 2026. Amri hizi hubadilika. Kwa hiyo kabla ya kutumia hata senti, tazama hali ilivyo katika tovuti ya ubalozi wa Marekani wa nchi yako. Ukiwa umekwisha kupokewa na mlango umefungwa, kiombe chuo kikuwekee nafasi na ufadhili kwa mwaka mmoja, upate jibu kwa maandishi.

Wala usiweke matumaini yako yote upande mmoja. Chuo cha Ashesi cha Ghana, kilichoanza mwaka 2002 kwa juhudi za Patrick Awuah aliyesoma Swarthmore, hufundisha kwa mtindo huu huu wa sanaa huria na hutoa ufadhili kwa Waafrika. Kwa aliye bado mdogo, shule ya UWC (United World Colleges) East Africa ya Moshi na Arusha ni njia nyingine, kwa kuwa wahitimu wa shule za UWC duniani wana mfuko wao maalumu, wa Davis, uliopo tangu mwaka 2000 na unaotumika katika vyuo vingi vya Marekani. Na Wakenya wanao mradi wa KenSAP, uliowasaidia vijana hodari wasio na mali tangu mwaka 2004.

Orodha ya kukagua kabla ya kutuma

☐ Vyuo nane hadi kumi na viwili, vingi vikiwa vya fungu la pili, kila kimoja na jibu lake la maandishi kuhusu fedha
☐ Matokeo ya mitihani ya taifa, na ripoti za mihula za miaka mitatu au minne
☐ Barua mbili za walimu na moja ya mkuu wa shule, zilizotumwa na wao wenyewe
☐ Insha yako, iliyosomwa na mtu mmoja au wawili unaowaamini
☐ Fomu ya fedha, ukurasa wa hesabu, na viambatisho vyake
☐ Maombi ya msamaha wa ada
☐ Jina lililoandikwa namna moja katika pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule

Hili la mwisho lishughulikie leo hii. Aliyeitwa Hadija katika cheti cha kuzaliwa na Khadija katika cheti cha kidato cha nne atahitaji kiapo cha wakili au marekebisho ya hati, na hayo huchukua miezi.

Nanyi wakuu wa shule na walimu, nina ombi kwenu. Mtoto ajapo kutaka ripoti zake za mihula na barua ya utambulisho, msimwambie arudi wiki ijayo. Tarehe za vyuo hazimngoji, na mara nyingi barua hiyo ndiyo hati pekee asiyoweza kuipata kwa mtu mwingine.